Nyuzi Nne

Friji ya wodi ya sita inanguruma
kama paka mzee aliyekatazwa kulala.
Kioo chake kinasema nyuzi nne.
Ndani, mifuko ya dawa imelala chali,
kila mmoja na jina la mwenyewe
na amri ya mfamasia kwa wino mwekundu:
Nitoe saa nzima kabla.

Sikuutoa.
Saa saba usiku yule wa kitanda cha tatu alianguka,
wa kitanda cha tisa akamlilia mkewe aliyekufa zamani,
na ilipofika saa nane, saa ya dozi,
nikaenda na mfuko mkononi
ukitoka jasho kama chupa ya soda.

Bi. Doreen Ackroyd, miaka themanini na miwili,
ananiita Kombo.
Mwanakombo ni refu mno kwa meno yake ya bandia;
nusu ya jina ilibaki uwanja wa ndege wa Manchester
pamoja na achari ya shangazi waliyoninyang'anya.
Nimezoea. Ila usiku kama huu,
mambo yakienda kama anavyoniita,
huhisi kwamba ananijua.

Nikafungua dripu.
Tone. Tone.
Hakulia. Aliutazama tu mkono wake
kama mtu anayemsikiliza mgeni ngazini.
“Inapanda,” akasema. “Iko kwenye kiwiko.
Sasa inakata kona.
Sasa imefika kwapani, imekaa,
mpangaji asiyelipa kodi.”

Nikafunga.

Maji usiyotiwa hujui baridi yake.
Miaka mitatu nilisomea Tanga, mmoja nikarudia hapa,
nikajua kuhesabu matone,
kuupapasa mshipa gizani hadi ujibu,
na hakuna aliyewahi kunitia hata tone moja
lililolala jokofuni.
Dripu ya mama, kule Muheza, ilining'inia msumarini dirishani,
jua likaichoma mchana kutwa,
ikamwingia vuguvugu kama maji ya kunawa.
Tulilalamikia shuka, tulilalamikia mbu.
Hilo la uvuguvugu hatukulitia maanani.

Kanuni zimebandikwa ukutani:
usitumbukize kwenye maji ya moto,
usitie kwenye maikrowevu,
usiweke juu ya hita.
Subiri.
Nje, Halifax ilinyeshewa mvua ya ubavuni,
ile isiyoshuka bali inapita.

“Lete,” akasema Bi. Doreen.
Akauchukua mfuko kwa mkono usio na sindano,
akauficha tumboni, akavuta blanketi.
“Chupa ya Keith niliipasha hivi hivi
asubuhi za kukimbilia zamu.
Miaka thelathini na mmoja nimefuma sufu
ya makoti ya watu wengine.”
Nikasoma tena kanuni.
Hazikutaja tumbo.

Nikakaa ukingoni mwa kiti, jambo tusiloruhusiwa,
nikamwambia kwamba kwetu baridi
huhesabiwa kwa nyuzi.
Akafumbua jicho moja.
“Na hii ilikuwa ngapi?”
“Nne.”
“Nne!” Akacheka mpaka kanula ikatikisika.
“Nne hazitoshi hata pindo la leso.”
Kisha akalala, vidole vyake juu ya blanketi
vikipitisha mshindio usioonekana
kwenye mtande usioonekana.

Saa tisa niliutoa pale taratibu,
nikautundika.
Tone. Tone.
Sikuona uso ukikunjwa.
Kwenye chati, penye sababu ya kuchelewa,
niliandika: mfuko ulikuwa bado na baridi,
na mahali pa kuelezea zaidi nikapaacha patupu.

Asubuhi Sista Gillian alifunua blanketi,
akaona duara la unyevu kwenye shuka,
akanigeukia na kalamu yake.
“Amejikojolea? Mbona hukuandika?”
Nilikuwa bado naitafuta sentensi
kwa Kiingereza kinachosimama wima,
Bi. Doreen akaniwahi, macho kafumba:

“Nilikuwa naatamia.”